Folda Niliyoifuta

Programu yangu ya kwanza niliijaribu mara arobaini, zote kwenye kompyuta yangu mwenyewe, nyumbani Msambweni. Nilijifunza kwa video za simu, na asiye na mwalimu huogopa hata anapopatia.

Ilikuwa ya kuweka kumbukumbu za chanjo za watoto katika zahanati ya Kibuyuni, ambako mama yangu mdogo alikuwa muuguzi. Mtandao kule haukushika, kwa hiyo programu ilipaswa kubebwa kwenye flashi pamoja na kila kitu inachokitegemea. Siku moja kabla ya kuipeleka, niliona ndani ya furushi lile folda ambayo sikuiandika mimi, yenye majina ya ovyo. Iliniudhi kama taka sebuleni. Nikaifuta. Programu ikafunguka vizuri, nikaridhika.

Siku ya kliniki akina mama walijaa kwenye mabenchi. Afisa wa afya alikuwa ameteremka kutoka Kwale kuja kuona. Nilipochomeka flashi kwenye kompyuta ya zahanati, maandishi yakatokea kwenye kioo: kuna faili inayokosekana.

Nilielewa papo hapo. Kompyuta yangu ilikuwa na nakala yake ya vitu vya folda ile tangu zamani. Hii haikuwa nayo.

"Mbona kimya?" mama mdogo aliuliza.

"Mashine hii imechoka," nilisema. Ulikuwa uongo.

"Labda nayo yaogopa sindano," mama mmoja alisema, wenziwe wakacheka.

Afisa hakucheka. Alianza kuchomoa nyaya. "Basi naondoka nayo Kwale ikatengenezwe."

Mama mdogo alinitazama. Kompyuta ile aliiomba kwa barua nyingi. Iliyotangulia nayo ilipelekwa kutengenezwa, haikurudi.

Nilijiona nikifika nyumbani salama na uongo wangu, yeye akibaki na meza tupu.

"Iache, tafadhali. Ni nzima. Nilifuta kitu nisichokijua."

"Ulikifuta kwa nini?" afisa aliuliza.

"Kilikuwa kinaniudhi."

Alisimama na waya mkononi, muda wa kunitosha kuapa kimoyomoyo kwamba sitagusa kompyuta tena. Kisha akaurudisha mahali pake.

"Rudi Alhamisi ijayo. Na kabla hujaja, kaijaribu kwenye mashine ya mtu mwingine."

Mama mdogo alifungua daftari lake kubwa la chanjo, akanisogezea kalamu, akamwita mtoto wa kwanza. Nilikosea jina, nikalikata, ukurasa ukachafuka.

Akamwita wa pili.