Kaburi la Jamali Lisifukuliwe

Somoe binti Sadallah tulipakana naye ua huko Temeke. Sijaona mwanamke mwoga kama yule. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, aliogopa hata karani wa kodi, naye karani mwenyewe mwembamba kama ufito.

Mumewe, Jamali, alikuwa kuli kwenye ghala moja la katani. Mwaka 1952 mnyororo wa winchi ulikatika, robota la katani likamwangukia mgongoni. Makuli walikuwa wameshalalamika kwamba mnyororo umeliwa na kutu. Nyapara akawajibu anayeogopa akalime mihogo. Jamali aliletwa nyumbani amefunikwa gunia, na sie hatukumchelewesha: akaoshwa, akasaliwa, akazikwa kabla ya magharibi. Hakuna aliyekumbuka kumwita daktari. Nani angekumbuka?

Somoe akaenda bomani kudai fidia, eda hajamaliza, mawifi wakamsema mpaka wakachoka wenyewe. Kumbe mwenye ghala alikwishapeleka maneno yake: Jamali ana kifafa, alianguka mwenyewe. Bwana shauri, ofisa wa boma msikiliza madai, Mwingereza kijana, akamweleza kwa upole kabisa kwamba kwa kuwa daktari hakumwona marehemu, limebaki jambo moja tu: kaburi lifukuliwe, maiti apasuliwe. Akampa mpaka Jumatatu. Asipokubali, shauri limekwisha.

Alirudi, na usiku halali. Akaniambia kila akifumba macho anamwona Jamali mlangoni, sanda imefunguka, anauliza nani amemtoa. Na upande wa pili wapo watoto, ambao shemeji yake ameshatangaza atawagawa kwa ndugu Rufiji, maana nani atawalisha? Mie nilimwambia akubali tu, walio hai wanakula. Alinitazama kama niliyemtia kidole jichoni.

Ndipo akamkumbuka Mzee Shomari, aliyemwosha Jamali. Akanivuta twende wote. Mzee alipojua tulichofuata, alianza kukunja mkeka atuondokee. Mwosha maiti hasemi alichokiona. Akisema leo, kesho nani atamkabidhi maiti wake?

Somoe, na woga wake wote, akasema.

"Baba, sikuulizi aibu ya mume wangu. Nakuuliza jeraha. Usiposema wewe, atavuliwa sanda na watu wasiomjua."

Mzee akauachia mkeka, akasema, "Mgongo tu. Wakiniuliza kingine, naondoka."

Jumatatu nyapara alikuwa amesimama mlangoni pa boma, anatukagua mmoja mmoja kama anayenunua mbuzi. Ndani, Mzee Shomari akaeleza mgongo ulivyovunjika, ulivyolegea mikononi mwake. Bwana shauri akauliza: na ulimi je, haukuwa umeumwa? Wenye kifafa hujiuma.

Mzee akainuka, akachukua kofia yake. Somoe, yule mwoga, akaishika kanzu ya mzee mbele ya Mzungu.

"Ulimi si aibu, baba."

Mzee hakukaa. Alisema amesimama, anatazama ukuta. "Ulimi wake ulikuwa mzima." Akatoka.

Bwana shauri aliyakubali maneno yake, kaburi likaachwa. Fidia ililipwa bomani, kidogo kidogo, na Rufiji hakwenda mtoto. Lakini Somoe hakuamini kwamba shauri limekwisha. Miaka na miaka, kila Ijumaa, alinipitia twende makaburini. Alikuwa akichutama, akipapasa udongo wa Jamali kwa kiganja, kuona kama umeguswa.