Kigoda cha Baba, Mtaa wa Wachina

Jamani, leo adhuhuri nimemkalia marehemu.

Bwana Mkubwa wa wilaya alinituma mimi karani wake mtaa wa Wachina hapa Kipini, niandike majina ya wote walio hai. Nikikosea, kazi sina.

Nyumba ya mwisho ni ya Bi Mei, anayekausha majongoo ya bahari. (Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinakipita changu.) Niliwakuta wakila. Nikaona kigoda kitupu, nikaketi.

Wote wakaacha kula.

"Ondoka hapo, karani," akasema Bi Mei polepole. "Umemkalia baba."

Mbele yangu palikuwa na bakuli la wali, vijiti viwili vya kulia vimesimikwa katikati, kama wanavyowawekea wafu wao. Baba yake alizama katika mto Tana, mwili haukuonekana.

"Mwandike naye. Hana kaburi huku, na kwao Uchina hawajui kama amekufa. Asipokuwa kitabuni, atakuwa wapi?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba kitabu ni cha walio hai, nikainuka.

Kanzu yangu ilikuwa imelowa chapachapa nyuma. Kigoda kilikuwa kikavu.

Nimemwandika.

Kesho asubuhi Bwana Mkubwa atayaita majina yote, moja moja, na kila mtu aitikie lake. Ninyi mngefanyaje?

Naogopa asipoitika. Naogopa zaidi akiitika.