Mapazia ya Mke wa Mwenye Nyumba

Fundi cherehani wa chumba cha kona alikuwa ameshona mapazia ya mtaa mzima, lakini dirisha lake mwenyewe lilikuwa tupu kama kinywa cha kibogoyo. Krismasi ilikuwa kesho, na mama mkwe, ambaye hata mbwa wakimwona hubweka kwa kunong'ona, alikuwa njiani. Basi fundi akafanya wazimu. Akatundika mapazia mekundu ya mke wa mwenye nyumba, yaliyokuwa yachukuliwe baada ya sikukuu.

Mama mkwe aliingia, akayapapasa. "Leo umepamba kweli, mkwe wangu."

Kabla fundi hajashusha pumzi, sauti ikaita mlangoni. "Hodi! Fundi, nimeona nisingoje, mapazia yangu nayataka leo!"

Moyo ulimdunda hadi sufuria zikagongana rafuni. Akijulikana, nani tena angemwachia kitambaa chake? Na chumba chenyewe ni cha huyo huyo anayebisha! Mke wa mwenye nyumba akaingia, akatazama dirisha, kisha akamkazia fundi macho.

"Ni... ni..."

"Ni mimi niliyemwambia," mama mkwe akadakia. "Pazia halipimwi mezani jamani. Litundikwe kwanza, tuone kama limekwenda upande."

"Na limekwenda?"

"Wala. Chukua, mama, ukapambe kwako."

Mgeni alipoondoka na mapazia yake, mama mkwe alifunga mlango kwa komeo, akageuka taratibu.

"Haya, mkwe wangu. Keti tuongee."

Fundi aliketi, na kiti kikatetemeka pamoja naye.