Si Kiini cha Yai Kilichoniangusha

Ndugu zangu, mtanivumilia. Upande huu wa mdomo bado mzito, na nikiharakisha, maneno yananidondoka. Lakini sikusukumwa na mtu kusimama mbele yenu leo. Nimeomba mwenyewe, na niliyonayo moyoni si ya furaha tupu kama mlivyozoea kusikia kwa waliopona.

Mimi ni Kalunde, Mama Neema kwa wengi wenu, mzaliwa wa Lusu kule Nzega, nimeolewa hapa mjini Tabora. Wengi wenu mmevaa nguo nilizoshona. Kibaraza changu kiko Kanyenye, na sare za kwaya mlizovaa Pasaka zimepita kwenye cherehani yangu. Nilikuwa mwanamke wa nguvu. Asubuhi nakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mchana ugali na mlenda, na yai nikilitaka naingia bandani kwa kuku wangu naokota. Kwetu yai halikuwa na mjadala.

Kisha kichwa kikaanza kuniuma kwa nyuma, hapa kwenye kisogo. Masikio yanavuma. Mume wangu, Petro, akanipeleka hospitali. Nikapimwa, nikaambiwa nina presha, na mafuta kwenye damu yamezidi kidogo. Daktari akanipa vidonge. Akasema, "Mama, punguza chumvi, punguza vya kukaanga, tembea. Na vidonge usiache hata ukijisikia mzima." Kuhusu mayai hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Watu walikuwa wengi kwenye benchi, wananisubiri nitoke.

Nikameza vidonge. Kichwa kikatulia. Mambo yangeishia hapo.

Mume wangu ana mdogo wake, Mihayo. Huyu alikuwa muuza simu. Akaenda Dar es Salaam kwenye semina, akarudi na koti jeupe na maboksi ya chupa za dawa, anajiita mtaalamu wa lishe. Siku moja akatukuta mezani.

"Shemeji," akaniambia, "unajua unachokula?"

"Yai."

"Unakula mafuta yaliyoganda. Kiini hicho kinakwenda moja kwa moja kwenye mishipa ya moyo, kinatulia humo kama samli wakati wa baridi."

Petro akamjibu, "Mbona wazee wetu wamekula mayai maisha yao yote?"

"Kaka, wazee wetu walitembea kwa miguu kutoka hapa hadi pwani na pembe za ndovu mabegani. Wewe unatembea kwenda wapi?"

Tukacheka wote. Mihayo anajua kuongea, hilo simnyimi. Jioni ile nikaanza kumwaga viini. Kuku wangu mwenyewe, napasua yai lake, njano namwagia paka, nyeupe naila. Sasa nyeupe peke yake haina ladha. Nikawa naikaanga kwa mafuta na kunyunyiza chumvi ya kutosha ili ipite kooni. Yale mawili niliyokatazwa na daktari ndiyo nikayaongeza, kwa ajili ya kukimbia kiini ambacho hakukikataza.

Kichwa kikarudi. Nikamwambia Mihayo. Akasema sumu ni nyingi, tuache na nyeupe. Tukaacha. Kisha nyama. Kisha maziwa, kisha maharage. Nikabaki na uji mwepesi, majani ya kuchemsha, na dawa yake ya chupa, maji machungu ya rangi ya chai. Mwisho akagusa vidonge.

"Hivyo vinapigana na dawa yangu," akasema. "Chanzo tumeshakiondoa. Unameza vya nini?"

Nikaacha kumeza.

Nitawaambia mwili ulivyokuwa, msione haya kwa niaba yangu. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye kitana. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka hata kwa maji. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nikipanda ngazi ya kanisa nahema kama niliyekimbizwa. Mihayo aliangalia miguu yangu akafurahi. "Unaona, shemeji? Sumu inatoka."

Asubuhi moja nilikuwa nakata kitambaa. Mkasi ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, mkono wa kulia haukuja. Nauona upo pale, umelala juu ya meza, lakini ni kama wa mtu mwingine. Mteja aliyekuwa amekaa akaniuliza, "Mama Neema, unasema nini?" Mimi nilidhani namwambia ashike mkasi. Kumbe nilikuwa natoa sauti tu. Nikaanguka. Nikajikojolea hapo hapo kibarazani, mchana kweupe, barabara imejaa watu. Udenda unanitoka. Akili ilikuwepo yote, ndugu zangu. Niliona kila aliyekuja kutazama.

Kilikuwa kiharusi. Nilipelekwa hospitali kwa bajaji, nimeegeshwa kifuani kwa Petro.

Wodini nilihudumiwa na daktari mwanamke, binti mdogo tu. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo mama," ingawa alijua siwezi kumwitikia. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Alikuwa anatumia dawa za presha?"

"Aliziacha."

"Nani alimwachisha?"

Petro akaanza kunirekebishia shuka. Nilitaka kutaja jina, ulimi ukalala mdomoni kama kipande cha nyama.

Wakaniwekea mpira wa mkojo, na mwingine wa kunilishia puani. Siku iliyofuata Mihayo akaja. Akasimama miguuni pa kitanda pamoja na wifi zangu, akatikisa kichwa. "Huyu amekula mayai kwa siri," akasema. "Namjua shemeji yangu, asingeweza kuyaacha."

Nililisikia hilo nikiwa nimelala na mpira puani. Machozi yalitoka jicho la kushoto. Wifi yangu mkubwa akasema, "Mnaona? Anajuta."

Wakaenda nyumbani kwangu wakafukua shimo la taka kutafuta maganda. Wakayapata. Yalikuwa maganda ya vifaranga vilivyoanguliwa wiki ile, mtu yeyote aliyefuga kuku angeyatambua kwa ule utando mkavu ndani. Wifi zangu wamefuga kuku tangu utotoni. Lakini wakayabeba kama ushahidi, na habari ikaenea ukoo mzima kwamba Kalunde amejiua kwa ulafi.

Yule daktari alichukua damu yangu, akarudi na uso mzito. Akamwambia Petro, "Baba, presha ndiyo iliyomwangusha. Lakini huyu mama pia ana njaa. Damu imepungua sana, mwili hauna kitu cha kujijengea. Akianza kumeza, mleteeni yai."

Petro akashtuka. "Yai? Bila kiini?"

"Zima, baba. Lichemsheni, mliponde na kiazi."

"Si ndilo lililomletea haya?"

Binti yule akavuta kiti akakaa, ingawa wagonjwa wengine walikuwa wanamwita. Akasema yai zima halina ubaya kwa watu wengi wakila kwa kiasi, na kwamba madini na vitamini nyingi za yai ziko humohumo kwenye kiini tunachokimwaga. Akasema mafuta tunayoyakaangia mara kwa mara na chumvi tunayomimina yana madhara kuliko yai lenyewe. "Mwenye kisukari, au mwenye mafuta mengi mno kwenye damu, aulize daktari wake ale kiasi gani," akasema. "Yai ni chakula, baba. Si sumu, na si dawa pia. Dawa ya presha ni vile vidonge."

Walipojaribu kuninywesha maji na nikameza bila kupaliwa, Petro alileta bakuli. Alinilisha kwa kijiko kidogo, huku akinifuta mashavu. Sikumbuki chakula kilichowahi kunipa uchungu na utamu kwa pamoja namna ile. Nilikuwa nakula yai la kuku wangu, na nilikuwa nakumbuka paka aliyenona kwa viini vyangu wakati mimi nanyonyoka nywele.

Neno langu la kwanza lilikuwa "hapana". Mihayo alikuja na chupa yake chini ya koti, akamwomba kaka yake anidondoshee mdomoni. Nikalisukuma lile neno kutoka tumboni. "Hapana." Petro akaruka, "Ametamka! Mama Neema ametamka!" Wakashangilia wote, hata Mihayo akapiga makofi. Hakuna aliyeuliza nimekataa nini.

Mazoezi yalikuwa mateso. Kufumba ngumi, kufumbua. Kuinua mguu kama gogo. Kutembea nimeshika ukuta. Nilimeza vidonge vyangu, nikala vizuri, bila vya kukaanga na bila chumvi ya mezani. Miguu ikanywea. Nywele zikaota, nyeupe. Nikaanza kutembea na fimbo, na Jumapili ya kwanza niliyorudi hapa kanisani, Mihayo alinikuta getini.

"Simama shemeji nikupige picha, ndugu wa mbali wafurahi."

Nikasimama. Nikatabasamu kwa nusu ya mdomo.

Ukapita muda. Kisha simu ikaja kutoka Lusu, dada yangu Milembe anaumwa. Milembe ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa na presha muda mrefu kuliko mimi, na vidonge alikuwa hakosi. Tukaenda. Nikamkuta amelala, uso umefura, anahema kwa shida. Kwenye kigoda kando ya kitanda kulikuwa na chupa ya Mihayo.

Mwanawe akanionyesha simu. Picha yangu ya getini, na chini yake yameandikwa maneno kwamba mwanamke huyu alipooza mwili mzima kwa kula mayai, akaacha vidonge vya hospitali, akanywa dawa hii, na sasa anatembea. Ilikuwa imezunguka kila kundi la simu kuanzia Tabora hadi Igunga. Kila mtu aliiona isipokuwa mimi.

Nikaikamata ile chupa. "Dada, si... si hii... vidonge..." Maneno yakagongana. Nikiwa na hasira au hofu ulimi unarudi kulekule wodini.

Milembe akanipapasa mkono. "Usijichoshe, mdogo wangu. Nainywa vizuri, na vidonge nimeviacha kama wewe. Si ndiyo iliyokuponya wewe?"

Tulikodi gari kumkimbiza hospitali ya wilaya. Alifia njiani, kichwa chake kwenye paja langu.

Mihayo alikuja msibani. Alileta sukari, akakaa na wanaume. Nilimfuata mbele ya watu, nikamwonyesha ile picha. Sikuweza kusema mengi. Nikasema tu, "Mihayo. Kwa nini?"

Akasimama taratibu. "Shemeji, mimi sikumlazimisha mtu. Kila mtu na siku yake. Na wewe si umepona?"

Wakubwa wa ukoo wa mume wangu waliokuja kuzika wakanishika mabega. Mambo haya yaishe nyumbani, wakasema, huyu ni damu yetu. Mpaka leo anauza. Picha bado inazunguka, nimeambiwa sasa wameipaka rangi nionekane kijana.

Nilipomwambia Petro nataka kuyasema haya, akanijibu, "Kazungumze kanisani, mke wangu. Hata ikikuchukua kutwa nzima, watakusikiliza." Mihayo ni mdogo wake wa damu, lakini hakuona aibu nimtaje. Namshukuru Mungu kwa mume huyu. Namshukuru yule binti daktari aliyevuta kiti akakaa. Nawashukuru wauguzi walionigeuza nisioze mgongo.

Kwenu ninyi, nasema hivi. Mtu akikukataza chakula, muulize amekupima lini. Akikuachisha vidonge, ondoka hapo alipo, hata kama mmenyonya ziwa moja. Yai lichemsheni, mlile zima, mpate nguvu, na watoto wapeni. Mwenye ugonjwa wake amuulize aliyempima. Mimi yai nalila, na Jumatatu nakwenda kupima presha kama kawaida.

Na mkikutana na picha ya mwanamke anayetabasamu kwa nusu ya mdomo getini pa kanisa hili, waambieni waliowatumia kwamba mmemsikia kwa mdomo wake huohuo. Ile dawa haikumponya. Ilimuua dada yake.