Posa Iliyokwama Mtandaoni

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ukoo wetu ulikuwa na baraza lake la mtandaoni. Binamu yangu wa Dubai ndiye aliyelianzisha: ukituma barua pepe moja inawafikia wote, wa Maskati, wa London na wa Unguja. Sisi wa Mji Mkongwe tulikwenda kuzisoma kwenye duka la intaneti Shangani, nusu saa nusu saa, huku mwenye duka akichungulia saa yake. Na kwa miezi miwili mizima, habari iliyokuwa ikijadiliwa humo ilikuwa mimi.

Nilikuwa nimeletewa posa. Mwanamume mwenyewe tulikuwa tukisomesha naye skuli moja ya Mpendae, yeye hesabu, mimi jiografia. Kwao ni Jambiani, kusini mwa kisiwa, na mama yake ni mkulima wa mwani. Wazee wake walikuja kwa adabu zote, wakaambiwa wasubiri jibu. Wakasubiri. Kwetu posa isipojibiwa, kimya hicho ndicho kukataa kwenyewe, kwa hiyo kila Ijumaa iliyopita bila jibu ilinikuta roho iko juu.

Kule barazani moto ulikuwa unawaka. Mjomba wa London aliandika kwamba Jambiani ni mbali. Mtu yuko London! Nilimjibu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, maana bado yu hai na ananipenda. Binamu wa Dubai akasema barabara siku hizi ni nzuri, mjomba akauliza barabara gani hiyo, basi watu wakagombania lami siku tisa. Mkali kuliko wote alikuwa shangazi yangu wa Maskati, dada mkubwa wa marehemu baba. Yeye hakutukana mtu. Alikataa tu, kila mara kwa jambo jipya.

Jumamosi moja asubuhi nilichoka. Nikaenda dukani, nikazichapisha barua zote, nikarudi nazo nyumbani na mkasi. Darasani wanafunzi wakibishana tulikuwa tunaandika dai upande wa juu wa ubao, na chini yake sababu za anayedai. Nyumbani ubao hatuna, nikatandika mkeka ukumbini.

"Tunazikata, mama," nikasema. "Dai la mtu huku juu, sababu zake chini. Matusi pembeni."

"Na yako pia," akasema mama.

Feni ikazipeperusha karatasi zote. Mama akaingia jikoni akatoka na kungumanga tele, zile kokwa za kiungo, kwenye upande wa kanga, kila karatasi ikapata ya kuikalia. Tukakata, tukapanga, tukacheka mpaka machozi. Mjomba aliandika barua kumi na nne. Zilipokatwa likabaki dai moja, kwamba ni mbali, na sababu moja, kwamba atanikosa akija likizo. Kukataa hajakataa popote! Ugomvi wa lami ulikuwa rundo kubwa kupita yote na haukuwa chini ya dai la mtu yeyote, tukautoa mkekani. Na zangu? Dai moja, kwamba mtu huyu hana ubaya wowote, na chini yake hapana kitu. Lile fungu la matusi pembeni lilikuwa langu karibu lote. Mama alinitazama tu, nami nikajitia kutafuta mkasi.

Zikabaki za shangazi, nazo zilitushangaza. Alianza na umbali. Tulipomjibu, akauacha umbali akashika nyumba, watakaa wapi. Tulipomjibu la nyumba, akaliacha pia, akashika lafudhi ya watu wa Kusini. Sababu zilijaa mkekani, na hakuna hata moja aliyoitetea mara mbili. Mama akapiga magoti akazisoma upya, moja moja, midomo ikimcheza. Kisha akaweka kidole kwenye mstari, na mwingine, na mwingine. Kila barua ilianza vilevile: "Kama nilivyosoma pamoja na wengine."

"Yarabi!" mama akasema. "Huyu hakuulizwa."

Kwetu baba akiwa hayupo, dada yake mkubwa ndiye anayesimama mahali pake. Posa hufikishwa kwake kwanza, yeye peke yake, na neno lake husubiriwa. Lakini siku mama alipokwenda dukani kuupa ukoo habari ya posa, muda ulikuwa unamwishia. Akaandika barua moja, akabonyeza, ikaenda kwa wote. Shangazi alipata habari za mtoto wa kaka yake dakika ileile waliyozipata wapwa zake walio skuli.

Mama hakungoja hata kuvikusanya vile vijikaratasi. Akapiga simu Maskati.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya baridi, mpaka nami niliye pembeni nikaisikia.

"Wifi, mtoto wenu kaletewa posa. Sijampa mtu jibu. Nnakuuliza wewe kwanza, mwasemaje?"

Shangazi akajibu kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Alhamdulillahi! Kijana wa wapi?"

"Wa Jambiani."

"Ah, Jambiani! Watu wema wale."

Nikajiziba mdomo kwa mtandio nisije nikapasuka kwa kicheko.

"Hebu nipe mwenyewe," akasema shangazi. Nikaupokea mkono wa simu, nikamwamkia, nikajiweka tayari. Nilikuwa na majibu ya kazi, ya nyumba, hata ya lami.

"Wewe wamtaka?"

Nikautazama mkeka. Karatasi zote zile, za watu wa nchi nne, na zangu humohumo, hakuna iliyouliza neno hilo wala iliyolisema.

"Namtaka, shangazi," nikasema, mama yangu akisikia. "Namtaka sana."

"Sasa si ungelisema hivyo, mwanangu," akasema. "Saa hizi ningelikuwa nshafika."