Mama Mkwe na Mlango wa Bafu

Nilipopasuliwa mguu, daktari alinipa masharti mawili: usikanyage chini kwa wiki sita, na kidonda kisilowe. Mke wangu alikuwa zamu ya asubuhi kiwandani, likizo hana. Basi mama yake akaiacha bustani yake ya kabichi huko milimani Uluguru, akashuka Kilakala kuja kuniuguza.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Mimi ni Msukuma. Nimelelewa kumpisha mama mkwe njia, sio kuhudumiwa naye. Akiniletea uji alibisha hodi, akaweka kwenye stuli, akaondoka. Nami nilisubiri atoke kwenda uani ndipo nijikongoje na magongo yangu kwenda kuoga.

Siku ya tisa niliufunga mguu kwa mfuko wa nailoni, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikaoga. Wakati wa kuinuka gongo likateleza kwenye povu la sabuni. Nilianguka, na mguu mbovu ndio uliotangulia kugonga sakafu.

Niling'ata mkono nisipige kelele. Nje, ufagio wa mama mkwe ulinyamaza.

"Baba, umeanguka?"

"Hapana, mama. Ni ndoo tu."

Nikatazama mfuko: damu ilikuwa inajaa. Taulo lilikuwa limetundikwa juu kwenye msumari, silifikii. Nikajaribu kuinuka, nikashindwa. Nikajaribu tena. Jasho jembamba likanitoka na kuta zikaanza kuzunguka.

"Baba, nijibu!"

"Mpigie mwanao, mama."

"Kiwandani simu wanaziacha getini. Nafungua."

"Usifungue! Nakuomba."

"Unatoka damu?"

Nikaivuta ndoo nijisitiri nayo. Komeo lilikuwa jepesi. Bega lake lilisukuma mlango mara moja tu, komeo likang'oka. Akaingia kinyumenyume, uso kauelekeza koridoni, mkono nyuma umeshika khanga.

"Shika, ujifunike. Ukishamaliza, sema."

Khanga ilinidondoka mara mbili. Niliposema tayari, aligeuka, akanipitishia mikono makwapani, akaninyanyua. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini amebeba matenga ya kabichi maisha yake yote. Alinikalisha kizingitini, akakimbia barabarani bila viatu kuita bajaji.

Hospitali walikuta nyuzi mbili zimekatika. Mfupa ulikuwa salama. Daktari alinifokea mbele yake, naye akainamisha kichwa kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Jioni alimwambia mwanawe maneno mawili tu: "Mumeo aliteleza." 

Kesho yake nilikuta kiti cha plastiki bafuni, taulo limekunjwa juu yake. Yeye alikuwa amesimama koridoni.

"Ukiita nitakuja," alisema. "Usipoita, nitakuja vilevile."

"Ndiyo, mama."

Alikaa nasi wiki zote zilizobaki. Aibu haikuniisha hata siku moja. Ila nilikuwa naita.