Tabasamu Kwanza, Barafu Baadaye

Verlene Stamper hakuwahi kurushwa hewani hata siku moja, na kwa mwili ule nani angethubutu kumdaka. Lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna mtoto aliyeumia kwenye ukumbi wa Vimondo, timu yetu ya watoto ya ushangiliaji, bila kupita mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa mezani pale mlangoni: apokee simu, aandike waliofika, afungue friji ndogo ya barafu, afunge bandeji. Watoto walimwita Bibi Barafu. Mimi ni jirani yake na ndiye ninayemtengeneza nywele kila Alhamisi, kwa hiyo mengi ninayosema hapa nimeyaona. Mengine aliniambia mwenyewe, kichwa kikiwa ndani ya beseni langu la kuoshea, na pale watu hawadanganyi sana.

Kuna wanaodhani ushangiliaji ni kupunga vitambaa pembeni ya uwanja wakati wengine wanacheza mpira. Waje Kentucky wajionee. Kwetu ni mchezo wenyewe, na ghala kuukuu la tumbaku limegeuzwa ukumbi wake. Mtoto mwepesi anakuwa wa juu, wenye nguvu wanakuwa wa chini, na kwa dakika mbili na nusu wanarushana na kupinduka mpaka wewe mtazamaji ndiye unayeishiwa pumzi. Majaji hawatazami miguu tu. Uso nao una alama zake. Mmoja akikunja uso, timu nzima inapunguziwa, ndiyo maana Vimondo hufundishwa kutabasamu kabla hawajafundishwa kuruka. Wazazi hukaa nyuma ya dirisha la kioo. Hawasikii neno, wanaona meno tu.

Basi mtoto akija mezani kwa Verlene analia, Verlene alikuwa na msemo wake: "Tabasamu kwanza, barafu baadaye." Mtoto atakaza mashavu, machozi yanateremka, tabasamu hilo hapo. Verlene atacheka, atampa barafu na peremende, na mtoto atarudi mkekani. Tuliupenda msemo huo. Hata mimi niliutumia kwa mjukuu wangu alipong'atwa na nyuki, na sasa nikikumbuka naona haya.

Mwezi wa kumi Amber Kessinger akaandikia bodi ya mchezo barua ya kurasa sita. Binti yake Jolie, miaka kumi na mbili, ndiye aliyekuwa wa juu kwenye timu kubwa. Amber alidai kwamba Kocha Denise Rudd anawatesa watoto: anawapima uzito mbele ya wenzao, anawarudisha mazoezini wakiwa na homa, na kwamba Jolie amechezeshwa wiki saba akiwa na mfupa uliovunjika kwenye kifundo cha mkono. Picha ya eksirei ilikuwa ndani ya bahasha.

Mji ukagawanyika kabla barua haijafika ilikokuwa inakwenda. Kufikia Jumamosi nyasi za mbele ya nyumba zilikuwa zimechomekwa vibao: TUKO NA KOCHA DENISE. Wazazi wakabandika utepe wa buluu vifuani. Verlene akachomeka kibao, akavaa utepe, akatia sahihi kwenye karatasi ya kumtetea kocha. Angefanyaje? Mumewe Harlan alipofariki, Denise huyohuyo alikuja kumkatia nyasi kiangazi kizima, wala hakuombwa.

Alhamisi ile nilimuuliza wazi.

"Wewe unayaamini hayo ya Amber?"

"Niamini nini, Hazel? Denise anafoka, sawa. Baba yangu alifoka kuliko yeye, na ng'ombe walikamuliwa."

"Ng'ombe hawakuvunjika mkono, shoga yangu."

"Wewe mwaga maji, usinichanganye."

Lakini alikuwa ameshachanganyikiwa. Povu likimteremka shingoni, akasema ile karatasi aliyotia sahihi ina mstari mmoja unaomnyima raha. Mstari ulisema: hatujawahi kuona mtoto akichezeshwa akiwa na maumivu.

"Si kweli?" nikauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Jolie alikuja mezani mwezi wa nane, mkono umevimba kidogo. Nikamwambia kama ninavyowaambia wote. Akatabasamu, Hazel, tabasamu zuri kabisa. Nikamfunga bandeji. Kesho yake akaja tena, na tena. Kila mara anatabasamu. Sasa mtu mwenye mfupa uliovunjika anaweza kutabasamu vile?"

Nilisema sijui. Na kweli sikujua. Nilimsugua kichwa zaidi ya ilivyohitajika.

Kwetu mtu akipatwa na shida hupelekewa chakula. Huulizi nani mwenye haki, unaoka. Verlene akaoka mabakuli mawili ya tambi na kuku, moja akampelekea Denise, la pili akasema ni la akina Kessinger. Nilimwambia, "Verlene, huko usiende." Akasema, "Mtoto ni mgonjwa, mgonjwa anakula." Nikamfuata kwa nyuma, maana nilijua hapatakuwa pazuri.

Jolie ndiye aliyefungua mlango, mkono umefungwa hogo, plasta ngumu ya rangi ya waridi. Alipomwona Verlene akatabasamu papo hapo, meno yote nje, kama taa iliyowashwa. Verlene akamsogezea bakuli. Mama yake akatokea nyuma, akatazama bakuli, kisha akatazama kifua cha Verlene.

"Umekuja mlangoni kwangu na utepe wa Denise?"

Masikini Verlene! Alikuwa amesahau kabisa kwamba ameuvaa. Akaufunika kwa kiganja, kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi.

"Mimi nimeleta chakula tu, mwanangu."

"Unajua wanajitetea kwa kitu gani? Kwa video za mashindano! Wanasema mtazameni, anacheka, angekuwa anaumwa asingecheka. Wiki saba, Verlene! Na nikimuuliza nani alimfundisha kucheka na maumivu, hanijibu. Ananichekea na mimi!"

Jolie alikuwa bado amesimama pale, bado anatabasamu. Verlene akamuuliza taratibu kama mkono unauma. "Hapana, Bibi Barafu," akasema, na tabasamu likapanuka. Verlene akaweka bakuli kwenye ngazi, akarudi kwenye gari bila kuaga. Tukarudi kwake. Nilimwona aking'oa kibao kwenye nyasi, akakiegemeza ukutani, kisha akakirudisha. Alirudia hivyo mara mbili mchana ule, mpaka nikafunga pazia langu kwa hasira. Nilikuwa namkasirikia nani, sikujua vizuri.

Wiki iliyofuata bodi ikamtuma mpelelezi, mwanamke mtulivu aitwaye Bi. Haldane, akawa anahoji watu kwenye chumba cha maktaba. Verlene aliruhusiwa kuja na mtu mmoja, akanichagua mimi. Njiani aliniuliza mara tatu aseme nini. Mara ya kwanza nilimwambia aseme kweli. Akajibu, "Kweli ipi?"

Bi. Haldane aliweka ile karatasi yenye sahihi mezani.

"Mama Stamper, madai mengine nitaendelea nayo. Hili la mkono ndilo zito kuliko yote, na sina shahidi mtu mzima. Hapa unasema hukuona chochote. Ukisimamia maneno haya, nitaandika kwamba halikuthibitika."

Nilimtazama Verlene. Alikuwa amefumbata mikono mapajani. Hapo angeweza kusema ndiyo, twende zetu nyumbani, na Denise angebaki Denise na Amber angebaki mwongo.

"Alinionyesha mkono," alisema. "Ulikuwa umevimba. Nilimfunga mimi."

"Kocha alijua?"

"Aliniuliza. Nilimwambia mtoto yuko sawa."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Alikuwa anatabasamu."

Bi. Haldane akaandika. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na kwa nini alikuwa anatabasamu?"

Nilitamani kumjibia, niseme ulikuwa mzaha, niseme kila mtoto alipewa peremende.

"Kwa sababu nisingempa barafu bila hivyo," alisema Verlene. "Ni msemo wangu. Tabasamu kwanza, barafu baadaye. Denise hajawahi kuusema. Ni wangu." Akanigeukia, macho yamejaa. "Sasa hapa mkosaji ni nani, Hazel? Mimi sielewi tena."

Bi. Haldane aliweka kalamu chini.

"Maneno hayo ninayo tayari," alisema. "Jolie aliniambia ndivyo alivyofundishwa. Nilidhani ni ya kocha. Nilimuuliza mara tatu aliyeyasema ni nani, akakataa kumtaja."

"Kwa nini akatae?" Verlene akauliza.

"Alisema ndiye mtu pekee mle ukumbini aliyekuwa mwema kwake. Hataki apate matatizo."

Verlene aliisukuma ile karatasi pembeni. Kisha akasema, "Andika jina langu," akalitaja lote, la kwanza, la kati na la mume. Bi. Haldane alipokuwa akiandika, Verlene aliniuliza kwa sauti ndogo kama mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kumdhania mtu kuwa mwema na akakosea kiasi hicho.